Kuifunga baiskeli ya kawaida mota ya umeme: somo la hatua kwa hatua

Wanachama wengi wameomba somo la kuigeuza baiskeli ya kawaida iwe ya umeme, na karibu wote wameanza kwa kuuliza wanunue mota ya wati ngapi. Naomba tuanze na baiskeli yenyewe, kwa sababu mota ndiyo sehemu isiyosumbua sana: huja imekamilika, na waya zake zimetofautishwa kwa rangi. Kinachoamua kama chombo kitadumu, na kama mpandaji atafika salama, ni breki, ekseli na betri, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Mota ninayoifundisha hapa ni ile iliyo ndani ya habu ya gurudumu la mbele, ya volti 36 na wati 250 hadi 350. Ina gia ndogo ndani pamoja na friwili yake, kwa hiyo chaji ikiisha njiani unaendelea kupiga pedeli bila kuiburuta mota. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani Ogden Bolton wa Ohio, Marekani, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya habu mwaka 1895. Kilichokosekana kwa miongo mingi baada yake ni betri nyepesi.

Hatua ya kwanza: kagua baiskeli kabla ya kununua chochote

Uma wa mbele lazima uwe wa chuma cha pua au chuma cha kawaida. Sumaku ndogo itakupa jibu kwa uma wa chuma cha kawaida: ikinasa, endelea, isiponasa, huenda uma ni wa alumini, na uma wa alumini haufai kwa mota ya mbele, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kupinda kwanza. Shika breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo kwenye shingo ya usukani, badilisha gololi na vikombe vyake kwanza. Nyoosha ringi na kaza spoku za gurudumu la nyuma pia, maana baiskeli iliyozoea mwendo wa kilomita 12 kwa saa sasa itapita kwenye mashimo yale yale kwa kilomita 25.

Kuhusu breki sina nafasi ya kulegeza. Breki za fito za Phoenix na baiskeli nyingine za muundo huo hukamata ringi kwa upande wa ndani, na ringi ya kromu ikilowa raba huteleza. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Mwenye breki za fito na afunge mota ya wati 250, asitafute kubwa zaidi, na aweke raba mpya mbele na nyuma siku hiyo hiyo. Anayeanza kabisa nampa ushauri wa kutumia baiskeli ya inchi 26 yenye breki za waya zinazobana ringi kwa pande mbili, kwani kazi yake ni nyepesi kwa kila hali.

Hatua ya pili: soma namba ya tairi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tairi la Phoenix la inchi 28 huandikwa ubavuni 40-635, na 635 ni kipenyo, kwa milimita, cha sehemu ya ringi ambapo tairi hukaa. Gurudumu la mota linalouzwa likiwa limekwisha kusukwa na kuitwa la inchi 28 kwa kawaida ni la 622. Tofauti ya milimita 13 inaonekana ndogo kwa macho, lakini tairi lako la zamani halitakaa kwenye ringi hiyo, na raba za breki za fito zitakuwa zimekaa mbali na mahali zilipopangiwa. Kwa baiskeli ya milimani ya inchi 26 namba ni 559, na hapo gurudumu lililosukwa litaingia bila tatizo.

Mwenye Phoenix basi anunue mota tupu, isiyo na ringi, aisuke kwenye ringi ya 635. Hesabu matundu ya ringi kabla ya kuagiza: ringi nyingi za mbele za baiskeli hizi zina matundu 32, ilhali mota nyingi zina 36. Spoku za zamani hazitatumika kwa vyovyote, kwa sababu habu ya mota ni pana na inahitaji spoku fupi zaidi. Mpelekee fundi wa ringi mota na ringi pamoja ili apime mwenyewe.

Hatua ya tatu: ekseli

Ekseli ya mota ina unene wa milimita 12, nayo imechongwa bapa pande mbili ili iingie kwenye mpasuo wa milimita 10. Mpasuo wa uma wa baiskeli za zamani ni mwembamba zaidi, kwa hiyo utautanua kwa tupa, kidogo kidogo, ukijaribisha ekseli kila baada ya kupitisha tupa mara chache, hadi iingie kwa kubana. Tanua upana tu, usiongeze kina. Mpasuo ukilegea umekwisha kuharibika, na tupa hairudishi chuma kilichoondoka.

Fikiria kinachotokea mota inapovuta. Gurudumu linasukumwa mbele, na ekseli nayo inasukumwa kuzunguka kinyume. Msokoto wa nyutoni-mita 35, ambao mota ndogo inaufikia, ukibebwa na ubapa wa milimita 10 unazaa nguvu ya nyutoni 3,500 hivi, yaani zaidi ya uzito wa kilo 350 unaokandamiza kingo mbili nyembamba za uma. Ekseli ikishinda huzunguka, hukata waya zake yenyewe, na gurudumu linaweza kuchomoka. Kwa hiyo funga mkono wa kuzuia ekseli: ni kipande cha chuma chenye tundu bapa linalovaa ekseli, na mwisho wake wa pili hufungwa kwenye mguu wa uma kwa kibano cha bolti. Wauzaji wengi hukiuza peke yake. Kama hukipati, fundi wa kuchomelea anaweza kukikata kwenye bamba la chuma lenye unene wa milimita 6, mradi tundu lichongwe kwa tupa na libane kabisa.

Panga washa zenye jino, jino lake likiwa ndani ya mpasuo, waya wa mota utazame chini ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani, kisha kaza nati. Zikaze tena baada ya safari ya kwanza, kwani chuma kipya hujikandamiza.

Hatua ya nne: betri

Betri ya litiamu ya volti 36 ina safu 10 za seli. Ikijaa hupima volti 42, na saketi yake ya ulinzi huikata ikikaribia volti 30. Yenye ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360. Kwa mtu anayesaidia kwa pedeli kwenye barabara ya tambarare, kilomita moja hula wati-saa 12 hivi, nawe utapata kilomita 30. Kuijaza kunatumia chini ya nusu uniti ya umeme wa nyumbani. Betri tatu za asidi za volti 12 zinaweza kufanya kazi hiyo, lakini zina uzito wa kilo 12 au zaidi na hazipendi kushushwa chini ya nusu ya chaji yake.

Ifunge katikati ya fremu, chini ya bomba la juu. Kwenye keria betri hupigwa na kila shimo, na baiskeli hulemea nyuma. Weka fyuzi ya ampea 20 kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya betri hiyo, ya volti 42, na uchaji mahali ambapo upo na uko macho, mbali na mlango wa kutokea na mbali na godoro. Seli ya litiamu inayoungua hutoa gesi na joto lake yenyewe, na kuifunika hakuizimi. Betri iliyovimba, iliyoanguka kwa kishindo au iliyoingia maji isichajiwe tena.

Hatua ya tano: waya

Kontrola ni kisanduku kinachoongoza umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota, na ya ampea 15 inatosha. Ining'inize mahali penye upepo, matundu ya waya yakitazama chini. Waya tatu nene, za njano, kijani na buluu, huenda kwenye mota. Waya tano nyembamba ni za sensa zinazoiambia kontrola mota imefika wapi katika mzunguko wake. Vifaa vingi vya sasa vimeziunganisha zote katika plagi moja yenye mshale, na mishale ikitazamana husukumwa bila nguvu.

Badilisha mikono ya breki kwa ile yenye swichi ya kukata umeme. Kwenye breki za fito mikono hiyo haiingii, kwa hiyo funga swichi ndogo inayoguswa na fito inapovutwa. Sensa ya pedeli ni kisahani chenye sumaku kinachokaa kwenye ekseli ya pedeli. Kwa krenki za kabari chagua kisahani kinachofunguka vipande viwili, kitakuepusha na kupiga kabari nyundo.

Kabla ya kuunganisha betri na kontrola, pima kwa multimita kwamba chanya iko upande wa chanya. Kontrola iliyogeuziwa waya huungua papo hapo.

Hatua ya sita: jaribio

Inua gurudumu la mbele, washa, na uvute akseleta polepole. Bonyeza breki: mota ikatike mara moja. Mambo haya mawili yakifanyika, jaribu kwenye uwanja mtupu, kisha ukague nati, spoku na joto la mota kwa kiganja.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Shinyanga: Shikamoo mwalimu. Mimi nabeba abiria. Je, mota ya wati 250 itanipandisha na mtu nyuma?

Marahaba, kijana wangu. Tuhesabu pamoja: wewe, abiria na baiskeli mkiwa na kilo 150, kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, mnahitaji wati 245 hivi kwa kupanda peke yake, na kama 50 nyingine kwa msuguano wa tairi. Mota pekee itaelemewa. Ukiisaidia kwa pedeli mtapanda vizuri. Jambo la kuepuka ni kuvuta akseleta hadi mwisho huku baiskeli inatambaa, kwa sababu hapo umeme mwingi hugeuka joto na gia za nailoni ndani ya mota hulainika. Kwa kazi ya abiria kutwa nzima, chukua ya wati 350 na breki za kubana ringi.

Mwanachama wa Kisumu: Nikishuka mlima, betri itajichaji? Na nikifunga dainamo gurudumu la nyuma?

Mota yenye friwili ndani haiwezi kurudisha umeme, kwa kuwa ukiteremka haizungushwi. Ile isiyo na gia inaweza, lakini ni nzito na marejesho yake katika safari ya kawaida ni sehemu ndogo ya kilichotumika. Dainamo, ndugu yangu, inazungushwa na nguvu ile ile ya betri na miguu yako. Itachukua nyingi kuliko itakazorudisha.

Mwanachama wa Tanga: Kaka yangu yuko Muscat na anakuja likizo. Aniletee betri kwenye sanduku?

Hapana. Katika ndege za abiria betri ya akiba ya litiamu inaruhusiwa hadi wati-saa 100, na kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege, tena ikiwa mkononi. Yako ya wati-saa 360 haipiti. Anaweza kukuletea mota, kontrola na mikono ya breki. Betri itafute hapo nchini, au iagizwe kwa meli kama mzigo uliotangazwa.

Mwanachama wa Kigoma: Fundi wa kompyuta ananiuzia seli za laptop zilizotumika kwa bei ndogo. Nijiundie betri?

Nakuomba usifanye. Seli hizo zimezeeka kwa viwango tofauti, na kwenye safu 10 ile dhaifu kuliko zote ndiyo inayojaa kwanza na kuisha kwanza. Saketi ya ulinzi ikishindwa kuifuatilia, ndiyo itakayowaka.

Mwanachama wa Ujerumani: Huku nikifunga mota hii, nitasumbuliwa na polisi?

Katika Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme huhesabiwa baiskeli ikiwa mota haizidi wati 250 za kudumu, inasaidia tu unapopiga pedeli, na inakatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Usifunge akseleta. Ukizidisha mwendo, huko kwenu inahitaji bima na kibao cha namba.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Nimepita Jangwani maji yakiwa yamejaa, hadi ekseli ikazama. Leo mota inatetemeka na kunguruma bila kuzunguka. Imekufa?

Huenda haijafa. Kutetemeka namna hiyo mara nyingi ni dalili kwamba mmoja wa waya tatu nene haushiki, au sensa mojawapo haitoi taarifa. Chomoa betri kwanza. Fungua plagi ya mota, angalia kutu ya kijani kwenye pini, ikaushe na uisafishe. Kisha unganisha betri, na kwa multimita pima kati ya waya mweusi mwembamba na ule mwembamba wa njano, halafu wa kijani, halafu wa buluu, huku ukizungusha gurudumu polepole kwa mkono kinyume na mwendo wake. Kila mmoja unapaswa kuruka kati ya sifuri na volti 5 hivi. Usioruka ndio wenye tatizo. Ikiwa waya zote tatu zinaruka na mota bado inanguruma, fungua kifuniko cha pembeni: maji yaliyoingia huonekana kwenye grisi, ambayo hugeuka nyeupe kama maziwa. Ifute yote, kausha mota kivulini kwa siku mbili, tia grisi mpya kwenye gia na beringi, na upake silikoni kwenye mdomo wa kifuniko kabla ya kukifunga.