Tunavyochanga nauli ya kliniki hapa Makete, mkoani Njombe

Dawa za ARV, zile za kupunguza makali ya VVU, ni bure. Nauli siyo. Kijijini kwetu masika yakikolea barabara inageuka tope, bodaboda wanapandisha bei, na mtu anaruka tarehe yake ya kliniki kwa kukosa pesa tu. Ndiyo maana tuna mfuko.

Anzeni wachache mnaoaminiana. Sisi tulianza saba. Msidai pesa taslimu peke yake. Wakati wa kuvuna viazi kila kaya inatoa debe moja, tunajaza magunia, tunauza kwa pamoja. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa koo tofauti.

Sasa siri, na hapa ndipo penye kazi. Mwaka wa kwanza niliandika majina kwenye daftari, nikalisahau juu ya benchi baada ya kikao. Dada mmoja hakutukaribia tena miezi miwili. Nililia. Tangu hapo naandika namba tu, na mfuko tunauita wa wagonjwa: anayekwenda kliniki ya sukari au presha naye anapewa bahasha ileile ya kaki, hakuna wa kunyooshewa kidole. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inakataza kutangaza hali ya mtu.

Mkienda kumjulia mtu hali, msimuulize habari za dawa mbele ya watoto. Kaa naye jikoni, menyeni viazi, atasema mwenyewe. Akisema ameacha kumeza, mpeleke kliniki kesho yake asubuhi. Usingoje kikao.