Fuata Majina ya Nyuma ya Jalada: Namna ya Kuzifikia Albamu Kubwa Zilizosahaulika

Orodha za "albamu mia bora za wakati wote" hazitakufikisha mbali. Waandishi wake wamesoma orodha nyingine kama hizo, kwa hiyo albamu ni zilezile kila mwaka, na zile zilizowafunza wanamuziki wenyewe kazi zinabaki stoo. Wanamuziki hawafuati orodha, wanafuatana wao kwa wao. Mpiga besi aliyekuwa Kingston mwaka jana, mwaka huu yuko Nassau, na mwakani utamkuta London. Ukizoea kumfuata mtu huyo, atakupitisha kwenye reggae, pop, disko na afrobeat bila wewe kuchagua aina yoyote ya muziki. Ndivyo ninavyotafuta santuri za kupiga redioni, na njia yenyewe ni hii.

Hatua ya 1: Anza na wimbo unaoujua tayari

Usijilazimishe kuanza na kitu kigeni. Chukua wimbo uliokukaa masikioni, kisha utafute ndani yake sauti ambayo si ya mwenye wimbo. Kwa mfano, "Famous" wa Kanye West (2016) na "Bam" wa Jay-Z akiwa na Damian Marley (2017) zote zina sauti ya mwanamke mmoja wa Jamaika. Jiulize imetoka wapi.

Hatua ya 2: Tafuta kipande kilikokatwa

Tovuti ya WhoSampled inaonyesha wimbo upi umetumia kipande kilichokatwa kutoka wimbo upi, na hata sekunde kipande kinapoanzia. Hapo utampata Sister Nancy na wimbo "Bam Bam" kutoka albamu yake *One, Two* ya 1982. Wengi huusikiliza huo mmoja wakaondoka. Wewe kaa, sikiliza albamu nzima, umsikie mwanamke akishika maikrofoni kwenye dancehall wakati ambapo karibu kila mshika maikrofoni alikuwa mwanamume.

Kisha shuka chini zaidi. Vaa hedifoni, sahau maneno, sikiliza besi peke yake. Mdundo huo una umri mkubwa kuliko wimbo: ni "Stalag 17" wa Ansel Collins, wa 1973, na waimbaji wengi wa Jamaika wameuimbia juu yake. Kiitikio nacho ni cha zamani zaidi. Kinatoka kwa The Maytals, ambao "Bam Bam" yao ilishinda shindano la nyimbo la tamasha la Jamaika mwaka 1966. Umeanza na wimbo wa juzi, na sasa una miaka hamsini ya muziki mkononi.

Hatua ya 3: Geuza jalada

Kama una santuri au CD, soma nyuma. Kama huna, fungua tovuti ya Discogs, ambako watu hunakili majalada neno kwa neno. Jina la mbele lipite tu. Andika jina la aliyepiga besi, ngoma na kinanda, la prodyuza, la fundi mitambo, na la studio. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, maana ndiko athari ya kweli inakojificha: mwimbaji hutoa albamu moja kwa mwaka, lakini mpiga ngoma mzuri huenda amepiga kwenye kumi.

Kwenye *One, Two* utakuta prodyuza ni Winston Riley. Huyohuyo ndiye aliyesimamia "Double Barrel" ya Dave na Ansel Collins, iliyoshika namba moja Uingereza mwaka 1971. Na kijana aliyepiga ngoma kwenye "Double Barrel" ni Sly Dunbar.

Hatua ya 4: Mfuate mtu mmoja mpaka atoke nje ya muziki wake

Sly Dunbar na mwenzake wa besi, Robbie Shakespeare, waliitwa Nassau, Bahamas, kwenye studio ya Compass Point ya Chris Blackwell, mwanzilishi wa kampuni ya rekodi ya Island Records. Huko waliwekwa chumba kimoja na wapigaji kutoka nchi mbalimbali, wakampigia mwimbaji Grace Jones. Albamu yake *Nightclubbing* (1981) ni tunda la chumba hicho: besi ya Jamaika, vinanda vya Ulaya, na sauti ya mwanamke asiyemwomba mtu ruhusa.

Sasa mtazame aliyekuwa kwenye kinanda. Ni Wally Badarou, aliyezaliwa Paris, wazazi wake wakiwa wa Benin. Mwaka 1984 alitoa albamu yake mwenyewe, *Echoes*, ambayo haina mwimbaji nyota wa kuibeba. Naipenda kwa moyo wote, na ninaamini ni miongoni mwa albamu zilizodhulumiwa sana za miaka ile. Sikiliza "Mambo" taratibu: kinanda kinajirudia bila haraka, kila sauti imeachiwa nafasi ya kupumua. Ukishaizoea, weka "Daydreaming" ya kundi la Massive Attack wa Bristol, Uingereza, iliyomo kwenye *Blue Lines* (1991). Ni "Mambo" ileile, safari hii ikiwa chini ya rapu ya kunong'ona, na muziki wa Bristol uliopewa baadaye jina la trip hop ulipita njia hiyo.

Halafu tafuta prodyuza wa *Teacher Don't Teach Me Nonsense* ya Fela Kuti, ya 1986. Utamkuta tena Badarou.

Hatua ya 5: Tofautisha kutangulia na kuacha alama

Hapa wapenzi wa muziki wa zamani hubishana sana. Mwaka 1982 Charanjit Singh wa India alirekodi albamu ya raga kumi, yaani mitindo ya melodia ya muziki wa jadi wa India, kwa mashine za Roland: TB-303 ya besi na TR-808 ya ngoma. Ukiisikiliza leo utaapa ni acid house, muziki wa kielektroniki wa klabu, wakati "Acid Tracks" ya kundi la Phuture wa Chicago, wimbo ulioanzisha muziki huo, ilitoka 1987. Lakini albamu ya Singh haikusambaa, na ilijulikana duniani ilipotolewa upya mwaka 2010. Ilitangulia, ni ya ajabu, isikilize, ila usiseme ndiyo iliyozaa acid house.

Linganisha na *E2-E4* ya Mjerumani Manuel Göttsching, iliyotoka 1984: kipande kimoja cha karibu saa nzima. Hiyo ilichezwa kwenye klabu, na mwaka 1989 Waitaliano wakaujenga wimbo "Sueño Latino" juu yake. Alama unaweza kuionyesha kwa kidole. Kwa hiyo kila unapodai albamu iliathiri, taja nani aliisikia na alifanya nini nayo.

Hatua ya 6: Zijue lebo zinazofukua

Kuna lebo, yaani kampuni za kutoa rekodi, zinazofukua muziki usiojulikana sana. Ikikufaa moja, pitia katalogi yake yote. Luaka Bop, Analog Africa, Soundway na Awesome Tapes From Africa ni za kuanzia. Kwa taarab na dansi, mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ni lazima. Kwa singeli, anza na *Sounds of Sisso* (2017) ya Nyege Nyege Tapes wa Kampala, iliyotoka kwenye studio ya Mburahati, Dar es Salaam.

Hatua ya 7: Kwa muziki wetu, fuata kuhama bendi

Majalada mengi ya huku yanataja bendi na mtunzi, basi. Usikate tamaa, fuata mifarakano. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakafika Nairobi na kuifanya Simba Wanyika kuwa bendi kubwa. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitoa na kuanzisha Les Wanyika, iliyotupa "Sina Makosa". Issa Juma naye akaondoka Les Wanyika, akaongoza Super Wanyika.

Nyimbo nyingi za wakati huo zilitoka kwanza kwenye sahani ndogo, wimbo mmoja ukikatwa nusu upande huu na nusu upande wa pili, kwa hiyo hakikisha toleo ulilopata lina sehemu zote mbili. Mara nyingi raha ya gitaa iko kwenye ile ya pili. Sikiliza "Sina Makosa", kisha "Sigalame" ya Issa Juma, na uangalie besi na gitaa la kati vimebadilika wapi.