Brauza imegoma baada ya apdeti? Usikimbilie kuifuta

Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wateja wangu ni wanafunzi, na wengi huja kuomba mkopo wa masomo mtandaoni siku ya mwisho. Asubuhi moja ya siku kama hiyo, kompyuta ya kaunta ilikuwa imemaliza apdeti usiku, nasi tukaizima na kuchomoa waya. Ilipowashwa, kila tovuti ikagoma: muunganisho si salama. Kijana wangu akaifuta brauza na kuiweka upya mara mbili. Wapi!

Kumbe tarehe. Betri ndogo ya ndani, inayotunza saa ya kompyuta, ilishakufa siku nyingi, ila kwa kuwa hatukuwa tunachomoa waya, hatukujua. Mashine ikaamka ikidhani tuko 2015. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, kwa hiyo cha mwaka huu ilikiona hakijaanza kazi.

Basi anza na saa, kona ya chini kulia. Kwenye Windows chagua ukanda wa UTC+03:00 ulioandikwa Nairobi. Dodoma usiitafute, haimo. Tarehe ikirudi nyuma tena ukichomoa umeme, badilisha betri. Kompyuta nyingi za mezani hutumia CR2032, volti 3, ya duara kama sarafu.

Tarehe iko sawa? Jaribu brauza nyingine. Nayo ikigoma, mwache mgonjwa huyu: kagua antivirusi, proksi (mtambo wa kati unaopitisha intaneti yako) na intaneti yenyewe.

Dirisha likifunguka jeupe au jeusi tupu, mimi hushuku draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, maana apdeti huweza kuibadilisha. Kwa Chrome, bofya kulia njia yake ya mkato, ingia Properties, na mwishoni mwa Target acha nafasi kisha andika --disable-gpu. Ikifunguka vizuri, umempata mchawi. Pakua draiva kwa mtengenezaji wa kompyuta yako.

Inafunguka na kujifunga papo hapo? Hapo huenda faili za mtumiaji zimeharibika. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, uzime kila mstari wa Chrome uliobaki. Usipofanya hivyo folda itakataa kuguswa. Kisha kitufe cha Windows na R, andika %localappdata%\Google\Chrome\User Data, uingie. Folda iitwayo Default ibadilishe jina iwe Default-zamani. Usiifute, tafadhali. Washa brauza, itajitengenezea mpya. Ifunge, nakili faili la Bookmarks kutoka ile ya zamani, na tovuti ulizohifadhi zitarudi.

Folda ya zamani huiacha mwezi mzima. Kuna dada alirudi siku ya tisa, anaulizia nywila yake ya barua pepe aliyokuwa ameihifadhi kwenye brauza.