Kumfundisha mtoto mdogo ushairi: masikio kwanza, kalamu baadaye

Wengi tunaanza na daftari, mtoto hajawahi hata kusikia shairi likighanwa vizuri ashaambiwa aandike beti 4, mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo (mstari), vina, yaani silabi zinazofanana, vya kati na vya mwisho. Lazima achukie tu.

Anza na kusoma kwa sauti. Chagua shairi fupi, la kuchekesha kama lipo, msomee leo, msomee tena kesho, na siku akishalizoea ukifika kwenye neno la mwisho wa mshororo nyamaza, mwache amalizie mwenyewe. Hapo ashajua kina ni nini na wala hujamwambia. Na tafadhali usimuulize "mshairi anatufundisha nini?", hayo ya mtihani atayakuta huko mbele, muulize tu wapi pamemchekesha au neno gani tamu mdomoni.

Mizani mfundishe kwa makofi, kofi moja kila silabi. Ma-ma ni 2, m-to-to ni 3, hiyo m ya mwanzo inahesabiwa na wakubwa wengi huiruka.

Halafu vitendawili, kwangu mimi hii ndo dawa. Ukimtegea "nyumba yangu haina mlango" akajibu yai, ashaonja sitiari, kukiita kitu kwa jina la kingine kinachofanana nacho. Mgeuzie, yeye ndo atege: mwezi mwembamba umefanana na nini? Akikwambia kucha iliyokatwa, usimpe jibu lako "zuri zaidi", andika hilohilo.

Sasa kutunga. Asiyejua kuandika atamke, wewe uwe karani, na uandike alichosema yeye, sio ulichotamani aseme. Tuseme kasema "Paka wangu amelala sana". Pigeni makofi, yanakuja 10. Muulize neno gani likitoka paka bado atakuwa amelala, atalitoa "sana", zinabaki 8, nusu ya mshororo hiyo! Amelala wapi? Chini ya meza ya baba, 8 tena. Mbona haamki? Kashiba! Mkihangaika hangaika mnaweza kupata hivi:

Paka wangu amelala, chini ya meza ya baba,
Hataki hata chakula, panya mmoja kashiba.

Hiyo ni tathnia kamili, shairi la mishororo miwili kila ubeti, la kwa la, ba kwa ba. Ila kina kikigoma msikilazimishe, mtoto anayesaka kina kwa nguvu anaishia kuandika maneno ambayo hata yeye hayaelewi, bora shairi huria, lisilofuata vina wala mizani, lenye kitu alichokiona kweli. Mpe tanakali za sauti pia, jiwe majini chubwi, mtu kalala fofofo, watoto wanazipenda sana na zinajaza mizani vizuri tu.

Muda usizidi dakika 10 au 15 kwa wadogo, akianza kujinyonganyonga funga.

Herufi zikikosewa ziache kwanza, sifia kitu kimoja ukitaje, yaani "hapo kwenye panya nimecheka", maana "vizuri sana" haimwambii chochote. Makosa ya tahajia mtasahihisha siku nyingine wakati wa kunakili kwenye karatasi safi na kuchora picha pembeni. Mrekodi kwenye simu akighani kisha ajisikilize, mara nyingi mwenyewe ndo atagundua mshororo umezidi. Akikataa kughani mbele za watu muombe ruhusa umsomee wewe, akikataa na hilo liache daftarini.