Wiski ya joto la Januari
Joto la Nairobi likibana, kuanzia Januari hadi Machi, wiski kavu huchosha mapema. Weka mililita 45 za wiski kwa 135 za soda water, moja kwa tatu. Jaza barafu glasi ndefu hadi mdomoni, mimina wiski, koroga ipoe, kisha teremsha soda water polepole kando ya glasi. Inua barafu kwa kijiko mara moja, basi. Ukizidi kukoroga, gesi inatoroka. Soda water ilale kwenye friji, maana ikiwa vuguvugu gesi huisha na barafu huyeyuka upesi. Barafu ndogo ndogo nayo huharibu kinywaji kwa maji, kwa hiyo gandisha kwenye vikombe vya plastiki usiku kucha. Maji ya mfereji yachemshe kwanza, yasije na harufu ya klorini.

Kwa kila siku Jameson inatosha, ni laini. Black Label ya Johnnie Walker ina moshi kidogo, haimezwi na soda water. Soda ya Stoney Tangawizi badala ya soda water? Sawa, ila sukari ni nyingi. Tia Stoney mbili kwa wiski moja na ukamulie ndimu. Chupa ya wiski iliyokaa pipani miaka 18 usiichanganye na chochote.