Redio ya HF na transveta ya 144: jinsi ya kufukuza kelele, ukiwa Nairobi

Ukiunganisha redio ya HF (ya masafa ya chini ya megahezi 30) na transveta ya megahezi 144, yaani kifaa kinachohamisha ishara kati ya masafa ya redio na yale ya 144, utaanza kusikia vitu ambavyo havimo kabisa kwenye 144: madereva wanaopiga gumzo kwa redio za CB (redio za mawasiliano za watu wa kawaida), stesheni ya FM yenye sauti iliyopinda, mlio usiotetereka hata antena ikigeuzwa upande gani. Wengi hukimbilia Luthuli Avenue kusaka filta. Ngoja kwanza. Filta iliyo mbele, kwenye antena, haisaidii lolote ikiwa kelele inapenya kwenye kebo iliyo nyuma ya meza. Jua mlango ndipo utoe pesa.

Nitatumia transveta ya kawaida kabisa: redio inafanya kazi kati ya megahezi 28 na 30, osileta (kizalishaji masafa) ya transveta iko 116, na jumla yake ndiyo 144 hadi 146.

Hatua ya 1: Tafuta mlango

Zima transveta. Chomoa kebo ya koaksi upande wa transveta, si upande wa redio, kisha ufunge dami lodi (mzigo bandia unaokaa badala ya antena) ya ohmu 50 kwenye ncha hiyo. Pita polepole kutoka 28 hadi 30. Ukisikia chochote, kebo au redio yenyewe inavuja.

Sasa rudisha kebo, washa transveta, na uhamishie dami lodi mahali pa antena. Kinachoongezeka hapo kinazaliwa ndani ya transveta, au kinaingia kupitia sanduku lake na nyaya za umeme. Mwisho, rudisha antena. Andika masafa ya kila kelele kwenye daftari katika kila jaribio, maana baada ya nusu saa zote zitafanana.

Kuna dalili nyingine inayofaa sana hapa kwetu karibu na ikweta. Miaka ambayo jua lina madoa mengi, bendi ya mita 10, yaani hii ya 28, hufunguka vizuri mchana. Kwa hiyo sauti za mbali zinazojaa adhuhuri na kutoweka usiku, mara nyingi ni 28 inayovuja moja kwa moja, wala si 144.

Hatua ya 2: Ziba kebo na sanduku

Kebo ya RG-58 ya bei rahisi ina wavu mwepesi. Ukiikata unaona plastiki ya ndani ikichungulia. Weka RG-223 au RG-400, zenye wavu wa tabaka mbili, na iwe fupi. Kwenye plagi ya PL-259, lehemu wavu kuzunguka pande zote. Kugusisha nukta moja hakutoshi.

Ikiwa bodi ya transveta imekaa kwenye kasha la plastiki, peleka vipimo kwa mafundi wa Kamukunji wakukunjie sanduku la mabati. Kwangu hii ndiyo pesa inayorudi haraka kuliko zote. Kwangua rangi mahali kifuniko kinapogusana na sanduku, kwa sababu rangi haipitishi umeme, na skrubu ziwe karibu karibu. Waya wa volti 12 uingie kupitia kapasita ya kupenya ukuta wa sanduku, ya nanofaradi 1.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya FM

Transveta hujumlisha, lakini pia hutoa. 116 ukitoa 28 unabaki na 88, na bendi ya FM huanzia 87.5. Stesheni iliyo 87.7 itatokea kwenye redio yako kama 28.3, nawe utadhani unaisikia 144.3. Ikiwa hesabu inakubali, dawa ni filta inayopitisha 144 pekee, nayo ikae kabla ya kikuza ishara cha mwanzo.

Stesheni nyingine za FM hazihitaji hesabu hiyo; nguvu yao tu hulemea kikuza mpaka kianze kutunga ishara zake. Pima hivi: weka atenueta (kipunguza ishara) ya desibeli 6 kwenye antena. Ishara halali itashuka kwa desibeli 6, yaani kama pointi moja ya S, kipimo cha nguvu ya ishara kwenye redio. Ishara bandia ya mchanganyiko wa daraja la tatu, inayotungwa na kikuza kilicholemewa, itashuka takriban 18. Mita nyingi za S hazisemi ukweli kamili, lakini tofauti hiyo ni kubwa, utaiona tu.

Hatua ya 4: Punguza nguvu unayoipa transveta

Sasa ni wewe unayesumbua wengine. Redio ya wati 100 iliyowekwa wati 5 inaweza kutema mpigo wa nguvu kamili mara tu unapobonyeza PTT (kitufe cha kutuma), kabla ALC (kidhibiti nguvu cha ndani ya redio) haijashika. Kama redio ina tundu la transveta, litumie: redio ya Icom IC-7610 inalo, IC-7300 haina. Kama halipo, atenueta iweze kuhimili wati 100 hizo, hata kama huna nia ya kuzitumia.

Ongeza nguvu kidogo kidogo, na nguvu inayotoka ikianza kugoma kupanda, rudi nyuma. Jihadhari na 28.8: mara 5 yake ni 144 kamili, na harmoniki hiyo (masafa yanayozaliwa kwa kuzidisha ya awali) hakuna filta ya 144 itakayoizuia. Na ile 88 ya hesabu ya hatua ya 3 hutokea unapotuma pia. Muulize askari wa geti kama redio yake inakwaruza unapoongea.

Hatua ya 5: Kelele za mtaa

Stima ikipotea, usikasirike. Washa mitambo kwa betri usikilize: kilichonyamaza kilikuwa chaja, taa ya LED au pampu ya maji. Vya nyumbani kwako, zungushia nyaya zake kwenye pete ya ferraiti ya aina ya 31, mizunguko kadhaa. Mzunguko mmoja hausaidii sana.

Mlio wa "tak" karibu kila sekunde ni fensi ya stima, na mara nyingi hauishi hata giza likiingia, kwa kuwa fensi ina betri yake. Fensi isiyo na hitilafu haipigi kelele hivyo. Kuna mahali cheche inaruka, aghalabu kwenye kizio kilichopasuka au tawi linalogusa waya. Tembea kando ya ukuta usiku na redio ndogo ya AM, mlio utakuongoza. Ukipapata, mwite fundi wa fensi; usiuguse waya huo mwenyewe.