Fundi umeme usiye na cheti: namna ya kurasimisha ujuzi wako

Kuanzia Buhongwa hadi Igoma, jijini Mwanza, wapo mafundi wengi waliojifunza wayaringi kwa fundi mwenzao, na kazi wanaijua kweli. Kikwazo huja pale wanapotaka leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) au tenda ya shule, cheti hakuna. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Mimi nafundisha umeme hapa Mwanza, na mafundi huwa nawaandaa hivi kwa tathmini hiyo.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi, usihesabu miaka. Kutindua ukuta na kulaza paipu, kufunga swichi kuu, kuweka ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini), kutafuta hitilafu.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kwa simu. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, msaidizi ashike simu akurekodi video. Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa (kifaa cha kupimia kama umeme upo) kwamba hakuna umeme, ndipo ufungue soketi. Testa yenyewe ijaribu penye umeme kabla na baada, maana testa mbovu nayo haiwaki. Kipande hicho cha video usikikate. Mimi hukitazama kabla ya kingine chochote.

Hatua ya 3: Eleza sababu. Hapa ndipo wengi hukwama. Mkono unajua taa ni waya wa 1.5, soketi ni 2.5 (unene wa waya kwa milimita za mraba). Kwa nini? Pasi na jiko huvuta mkondo mkubwa, waya mwembamba ukapata joto hadi ganda likayeyuka. Breka, swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, nayo kazi yake ni kuulinda waya: weka ya ampia 32 kwenye waya wa 1.5, na waya unaweza kuungua breka haijakata. Jirekodi ukieleza hayo kwa maneno yako, umtumie mwalimu kwa WhatsApp. Fundi akinieleza hivyo, somo hilo simrudishii darasani.

Hatua ya 4: Soma pengo lako tu, usiku baada ya kazi. VETA na Airtel walishaonyesha njia kwa programu yao ya VSOMO: nadharia kwenye simu, vitendo chuoni.

Hatua ya 5: Nenda karakana. Video haionyeshi kama skrubu imekaza. Ulizia ratiba na gharama VETA Nyakato. Ukipewa ubao ufunge sakiti, vuta kila waya kidogo kwa mkono, pima ethi, kisha ndipo uombe umeme uwashwe. Ukiambiwa kuna sehemu bado, omba uandikiwe ni ipi, ukaifanyie mazoezi hiyo peke yake.